Besi ya Baba Niliyoipunguza

Baba aliacha kuimba kwaya wiki chache baada ya mimi kumaliza kurekodi albamu yao. Watu wa usharika walisema ni umri. Mama alisema ni magoti, maana ngazi za kanisani kwetu ni za mawe na ni nyingi. Mimi nilinyamaza, kwa sababu wakati huo nami nilitaka kuamini kuwa ni umri. Ukweli niliujua baadaye, na nilipoujua nikanyamaza zaidi.

Alikuwa ameimba besi, sauti ya nne, tangu alipohamia Mwanza kutoka Bukoba akiwa kijana ambaye hajaoa. Alikuwa karani wa mizigo bandarini, kazi ya kusimama juani na kutaja namba kwa sauti mpaka mtu wa upande wa pili wa meli asikie. Lakini kwenye kwaya hakuwahi kupaza sauti. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakaa benchi la mbele, na nilijua ameanza kuimba hata kabla sijaitambua sauti yake, kwa sababu ubao wa benchi ulikuwa unatetemeka kidogo chini ya mapaja yangu.

Mimi ninaishi Buswelu. Mchana ninafanya kazi kwenye stesheneri: kutoa kopi, kuchapa barua, kukata picha za pasipoti. Nyumbani kuna chumba cha tatu ambacho nilikifanya studio. Nilianza na kompyuta ya mtumba, maiki moja na zile hedifoni ndogo zinazokuja na simu, nikawa natengenezea watu nyimbo za harusi na za injili. Kazi zilipoongezeka niliona sasa ninahitaji kifaa cha maana cha kusikilizia, kitu cha kunionyesha ninachokitengeneza kikoje hasa. Uwezo wangu ulitosha kitu kimoja tu: ama spika mbili za kuweka mezani, ama hedifoni moja nzuri.

Nilikwenda mjini, kwenye duka la vyombo vya muziki karibu na soko. Muuzaji alikuwa mama wa makamo ambaye zamani alipiga kinanda kwenye bendi, na vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa bado vinachezacheza juu ya kaunta alipokuwa akizungumza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unatafuta nini?"

Nilimweleza. Akaniwekea vyote viwili. Spika zilikuwa nyeusi, kubwa kidogo, na mzunguko wa taa ya bluu uliokuwa unawaka kufuata mdundo. Akachomeka simu yangu, akaweka wimbo ninaoupenda, na besi ikanigonga kifuani. Sikuhitaji kusikia zaidi.

"Hizi," nikasema.

"Subiri kwanza. Vaa na hii."

Hedifoni ilikuwa ya kawaida kabisa kwa kuitazama, waya mrefu uliojikunja, sponji za kitambaa. Nilipoivaa, wimbo ule ule ukawa mkavu. Nilisikia mpiga gita akihamisha vidole, nilisikia mwimbaji akimeza mate, lakini kile kishindo kilikuwa kimeondoka.

"Haina besi, mama."

"Ina besi iliyomo kwenye wimbo. Zile spika zinaongeza ya kwao." Akazizima ili anisemeshe vizuri. "Zile ni za sherehe. Zinafurahisha. Ila ukizifanyia kazi zitakudanganya. Utasikia besi nyingi, utaipunguza, halafu mtu akienda kuusikiliza wimbo kwenye gari atakuta umebaki mifupa. Chumba chako kikoje?"

"Kidogo. Kuta za simenti."

"Na meza umeiweka wapi?"

"Kwenye kona."

"Kona nayo inaongeza besi. Chukua hedifoni. Sikiliza nyimbo unazozijua kwa wiki mbili, masikio yazoee, ndipo ushike kazi ya mtu. Spika utanunua baadaye Mungu akijalia, za kweli, na chumba utakitafutia magodoro ya kuweka ukutani."

Nilimwelewa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilimwelewa kila neno. Lakini nilikuwa nawaza mteja akiingia chumbani kwangu. Akikuta hedifoni imening'inia kwenye msumari, ataiona hiyo kuwa studio? Akikuta zile spika na taa zake, hataanza hata kuuliza. Nikachukua spika. Yule mama hakubishana nami. Alizifunga kwenye boksi lake, akakaza kamba, akasema, "Haya. Zikikushinda, rudi."

Miezi miwili baadaye mwalimu wa kwaya aliyoimbia Baba akanitafuta. Walikuwa na nyimbo nane mpya na walitaka kurekodi, na ilikuwa fahari kwake kwamba kazi ingefanywa na mtoto wa mwanakwaya. Baba mwenyewe hakuwahi kuniombea kazi ile wala kuizungumzia. Ila Mama aliniambia kwamba tangu tulipopanga siku, alikuwa ameacha maji ya baridi na soda, na jioni alikuwa akikaa uani kupitia mistari yake polepole.

Tulirekodi kanisani, Jumamosi asubuhi. Niliazima maiki tatu, pamoja na yangu zikawa nne, moja kwa kila sauti. Besi walikuwa wanaume wanne: Baba, muuza samaki mmoja wa soko la Mwaloni ambaye walikuwa marafiki wa miaka mingi, na wengine wawili. Baba alisimama katikati yao, mikono nyuma, kama alivyosimama siku zote. Tulipopumzika baada ya wimbo wa tatu alinifuata nilipokuwa nimeinamia kompyuta.

"Ukisikia nimekosea niambie," alisema. "Usinisitiri kwa sababu mimi ni baba yako."

"Hujakosea, Baba."

"Nasema ukisikia."

Kazi ya kuchanganya zile sauti niliifanya Buswelu, Jumapili mbili mchana. Kila nilipofungua wimbo, besi ilijaa chumba kizima. Nondo za dirisha zilikuwa zinalia. Nikaipunguza. Bado ilikuwa nyingi, nikaipunguza tena. Mwishowe nikaondoa zile sauti za chini kabisa kwenye nyimbo zote nane, mpaka chumba kikatulia na soprano ikawa juu, safi, inang'aa. Niliridhika sana. Nilipiga picha meza yangu, spika zikiwa zimewaka taa, nikaiweka kwenye status ya simu ili watu waione.

Siku ya kuisikiliza albamu ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Wanakwaya walibaki, tukacheza nyimbo kupitia spika za kanisa. Soprano zilisikika vizuri, na alto, na wale wa sauti ya tatu pia. Chini yao palikuwa patupu. Niliusikia utupu ule, siwezi kusema sikuusikia. Nilijiambia kwamba spika za kanisa ni mbovu. Watu walipiga makofi, wakasifu. Ndipo mwalimu wa kwaya, mtu mpole asiyependa kumuaibisha mtu, akaniuliza mbele ya wote:

"Kazi nzuri sana. Ila besi mbona siisikii? Ni mashine?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema nipe wiki moja niangalie. Walikuwa wananitazama watu arobaini, na wengine wao walikuwa na watoto wanaotaka kuoa na nyimbo za kurekodi.

"Mashine haina tatizo, mwalimu," nikasema. "Inatoa kile kilichoingia. Wazee wetu wa besi sauti zimepungua kidogo. Ni umri tu."

Wachache walicheka, kicheko cha upole. Muuza samaki alinitazama. Baba alikuwa amekaa karibu na mlango, kitabu cha nyimbo magotini. Aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepewa taarifa aliyokuwa akiitegemea.

Niliamini nilichosema? Niliamini nusu. Ile nusu nyingine sikuitafuta.

Tulishuka naye hadi nyumbani Kirumba, tukitembea pole pole. Tulipokaribia alisema, "Ilianza lini? Huko kupungua?"

"Sijui, Baba. Ni kawaida."

"Mimi sikuisikia. Mtu hajisikii mwenyewe." Akatembea kidogo. "Afadhali umesema wewe. Wengine wangenisitiri mpaka niwe kichekesho."

Jumamosi iliyofuata hakwenda mazoezini, wala iliyofuata. Kisha akalifua joho lake, akalipiga pasi, akampelekea mwalimu. Mwalimu alimsihi, wenzake wakaja nyumbani kumsihi, akawajibu kwamba kila kitu kina wakati wake na vijana wapo. Mama aliniambia kwenye simu jambo ambalo wao hawakulijua. "Baba yako haimbi hata akinyoa ndevu," alisema. "Nyumba imekuwa kimya. Umemwambia nini?" Nikamjibu sijamwambia kitu.

Mwaka ulipokuwa unaanza, mwimbaji mmoja wa injili, mama wa Kijita kutoka Musoma, alinirudishia wimbo wake. Alikuwa amekuja kwa basi asubuhi, akaketi kwenye kiti cha mteja na mkoba wake mapajani.

"Mwanangu, wimbo wangu umekonda," alisema. "Hapa kwako ulikuwa mnene. Nimeusikiliza kwenye gari la mchungaji, nimeusikiliza kwa mwanangu, kwenye redio ya saluni. Umekonda kila mahali."

Nilitaka kumwambia ni redio za watu. Sikumwambia. Alipoondoka nilichukua simu nikaenda kwa jirani mwenye gari, nikaomba nikae ndani dakika kumi. Nilicheza wimbo wake, kisha nyimbo nyingine nilizowatengenezea watu mwaka mzima. Zote zilikuwa mifupa. Neno hilo nilikuwa nimeambiwa dukani.

Nikarudi kwa yule mama wa vyombo vya muziki. Nilidhani atanicheka, na nilistahili. Aliniuliza tu, "Umekuja kuchukua ile?" Akaitoa chini ya kaunta. Nilifuata maelekezo yake safari hii. Wiki mbili nzima nilisikiliza nyimbo ninazozijua tu, kisha nikautengeneza upya wimbo wa mama wa Musoma, nikamtumia akaridhika. Ndipo nikafungua faili za kwaya, zile za mwanzo kabisa, kabla sijagusa kitu. Nikaizima soprano, nikaizima alto na ile sauti ya tatu, nikabaki na maiki ya besi peke yake.

Alikuwepo. Sauti ya Baba ilikuwa nzima, pana vile vile, imewabeba wale watatu. Nilimsikia akivuta pumzi kwa pua kabla ya kila mstari. Nilimsikia akitangulia kidogo sana mwanzoni mwa beti ili wenzake wapate pa kushika. Kwenye wimbo wa tano, kabla ya besi kuingia, nilimsikia akimnong'oneza mwenzake, "Sasa." Hakuna kilichokuwa kimepungua. Nilivua hedifoni nikakaa, na sikuweza kufanya kazi nyingine siku hiyo.

Hiyo ilikuwa Januari.

Ningemwambia siku hiyo hiyo. Kutoka Buswelu hadi Kirumba si safari. Lakini niliona ni bora kwanza nizitengeneze nyimbo zote upya, nisiende mikono mitupu. Nikazitengeneza, ikachukua wiki. Kisha nikawaza kwamba nikimwambia yeye, lazima nimwambie mwalimu, na nikimwambia mwalimu, kwaya nzima itajua nilivyosema mbele yao. Albamu ilikuwa imeshasambaa kwenye simu za watu. Kwaya mbili nyingine zilikuwa zimeniulizia. Nikasema nitasubiri mpaka kazi hizo zipite. Kila Jumapili nilikwenda kula ndizi kwa Mama nikiwa na hedifoni kwenye begi, na kila Jumapili nilirudi nayo. Mara moja Baba aliniuliza begini mna nini. Nikamwambia nguo.

Pasaka tulikaa naye benchi moja, safu ya tatu. Kwaya iliimba, kisha usharika wote ukasimama kuimba. Alisimama na kitabu kikiwa wazi mikononi, midomo imefungwa. Nilikuwa karibu naye kiasi kwamba mikono ya mashati yetu iligusana.

Mwezi wa saba akaanza kukosa pumzi. Alikuwa akitoka chooni anasimama uani akishika ukuta. Tulimpeleka hospitali, wakasema moyo umepanuka, wakampa dawa za kila siku na kumkataza kupanda milima na kubeba vitu. Mama aliuliza kama anaweza kuimba. Daktari alicheka kidogo kwa upole, akasema akiweza, aimbe. Baba alisema, "Hilo nilishaliacha."

Nilimwambia Septemba. Mama alikuwa ameenda sokoni. Baba alikuwa sebuleni, miguu juu ya stuli kwa sababu ilikuwa inavimba. Niliketi karibu naye nikatoa kompyuta na hedifoni, nikasema nina kitu nataka asikilize kabla sijasema neno. Nikamvalisha. Masikio yake ni makubwa, ilibidi nizirekebishe sponji mara mbili. Nikaweka wimbo wa tano, besi peke yake.

Mimi sikusikia chochote. Nilikuwa namtazama uso tu. Mwanzoni alikunja uso, kama mtu anayejaribu kumtambua mgeni mlangoni. Halafu mkono wake ukapanda ukashika hedifoni upande wa kushoto, ukabaki pale. Wimbo ulipofika kwenye ubeti wa pili akaanza kuimba. Hakujua kwamba anasikika. Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, inakatika, anavuta pumzi katikati ya neno, na alikuwa akiifuata ile nyingine ambayo mimi sikuweza kuisikia. Nilitazama sakafu mpaka alipomaliza.

Alivua hedifoni akaishika mapajani.

"Huyu ni mimi."

"Ni wewe, Baba. Ni siku ile ya kurekodi. Sikuigusa. Haikupungua kitu. Spika zangu ndizo zilikuwa mbaya, nikakukata mwenyewe. Niliposema kanisani, nilisema ili nisionekane mimi ndiye mwenye kosa."

Nje mtu alikuwa akiuza mkaa, akiita.

"Ulijua lini?"

Niliwaza kudanganya, Mungu anisamehe, hata pale. "Januari."

Alihesabu kwa vidole, polepole, alivyozoea kuhesabu mizigo.

"Basi Pasaka ningeimba," alisema.

Hakunigombeza. Nilitamani anigombeze. Mama aliporudi alimwambia, "Mwanao ameniletea nyimbo," akamvalisha yeye hedifoni, na Mama akasikiliza akiwa bado amesimama na mfuko wa nyanya mkononi. Kisha akaniangalia, akaenda jikoni.

Jumamosi ile nilikwenda mazoezini nikamwomba mwalimu nafasi. Niliwaambia wote nilichofanya na nilichosema. Ilikuwa fupi kuliko nilivyoiogopa kwa miezi minane. Mwalimu alishukuru, wakasikiliza nyimbo mpya, wakampigia Baba simu pale pale na kumtaka arudi. Alirudi. Walimpandisha ngazi kwa kumshika mkono, akapewa kiti, wenzake wakiwa wamesimama. Aliimba ubeti mmoja na nusu. Kisha akainua kiganja, kuomba radhi, akaketi akiwasikiliza mpaka mwisho. Hajaenda tena. Siku hizi ibada anaifuata kwenye redio.

Mwezi uliopita nilipita Mwaloni kumtafutia Mama samaki, nikamkuta yule rafiki yake wa besi kwenye meza yake. Nilimwamkia, akaitikia, akaendelea kuparua sato. Nikaona nimwombe radhi na yeye, peke yake, maana kanisani niliomba kwa jumla.

"Mzee, siku ile niliwasema na ninyi. Si Baba tu."

"Nilikusikia."

"Nisamehe."

"Mimi hukuniumiza," alisema. "Sikukuamini. Nilirudi nyumbani nikaimba bafuni, nikajisikia, nikalala. Baba yako alikuamini kwa sababu ni wewe."

Akamfunga samaki kwenye mfuko, akaongeza mdogo mmoja juu, wa Baba. Nilipofika nyumbani nilimpa Mama, nikaenda kukaa sebuleni. Nikamwambia Baba kwamba rafiki yake anamsalimu. Akauliza kama bado anaimba.

"Bado," nikasema.

"Kwenye nafasi yangu wamemweka nani?"

Nikamwambia hakuna aliyewekwa, wamesogeleana tu. Akatafakari kidogo, kisha akaniomba nimsogezee dawa zake za mchana.